Kazi ya kuwashika mkono waliotoka jela ipo, ila nani atakulipa?

Mtu akitoka Kamiti leo, wiki ya kwanza haitaji mahubiri. Anataka nauli ya matatu, mahali pa kulala, na mtu wa kumsindikiza kwa chifu afuatilie kitambulisho. Huyo mtu ni nani? Mara nyingi hakuna. Hapo ndipo kazi ilipo, na kama unasaka cha kufanya, nisikize kidogo.

Tangu sheria ya huduma kwa jamii ya 1998, korti inaweza kumpa mwenye kosa dogo kazi ya kufanya mtaani badala ya kumtupa ndani. Lazima kuwe na mtu wa kumsimamia. Maafisa wa probesheni hawatoshi, kwa hivyo idara yao hutegemea pia raia wa kujitolea. Shida ni hilo neno "kujitolea". Landilodi halitambui.

Walioshika usukani wa kazi hii wengi wamepitia lango lenyewe. Teresa Njoroge alifungwa Lang'ata akiwa na mtoto mchanga, kwa kosa ambalo anashikilia hakulitenda. Alipotoka akaanzisha Clean Start. Pete Ouko alihukumiwa kifo, akasomea sheria gerezani, akaachiliwa 2016. Ndiye mwanzilishi wa Crime Si Poa. Hawa hawakusoma jela kwa vitabu, waliilala.

Lakini sasa angalia kinaya. Karibu kila mwajiri anataka cheti cha mwenendo mwema, kile cha Sh1,050 na alama za vidole. Anayeijua kazi hii kuliko sote ndiye cheti kinamfungia mlango.

Wewe unaanzia wapi? Diploma ya ustawi wa jamii au ushauri nasaha inasaidia sana. Kama chuo kilikukataa au, kama mimi, hukumaliza, nenda ofisi ya probesheni iliyo karibu na korti ya mtaa wenu, uulize kuhusu kujitolea. Jifunze kusikiliza bila kuhukumu na kutunza siri. Usimrekodi mtu wa watu ukaweka TikTok eti unahamasisha. Na ujue mipaka yako: kuna atakayerudi kuiba, na hautakuwa umeshindwa wewe.

Tukirudi kwa pesa, serikali isituambie haiwezekani. Mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii, waliofanya kazi bure miaka mingi, waliwekewa marupurupu ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kaunti. Si doo ya kujengea nyumba, lakini ni kukubali kwamba ile ni kazi. Anayemzuia jirani yako asirudi kuvunja duka la mama mboga anafanya kazi pia.

Kwa hivyo mwakilishi wadi wenu akija kuomba kura, muulize swali moja tu: wanaotoka jela kurudi hapa mtaani, umewawekea nani, na analipwa ngapi?