Kicheko cha Viti vya Nyuma

JUMAMOSI USIKU. Mpwa wangu yumo kwenye kikundi cha maigizo cha shuleni kwao hapa Morogoro. Mwezi uliopita walicheza darasani, madawati yamesukumwa ukutani, wazazi kama arobaini tumebanana kwenye viti vya plastiki vya kukodi. Mchezo wao ni wa nyimbo mwanzo hadi mwisho, lakini hauna masihara. Binti wa darasa la saba anaozeshwa. Baba, mlevi, anahesabu mahari mezani huku binti anawaaga wenzake kwa wimbo, mmoja baada ya mwingine. Baba ndiye mpwa wangu, kavalishwa koti la babu yake. Alipolowesha kidole kwa mate ili noti zisigandane, darasani hakuna aliyekohoa. Mama aliyekaa mbele yangu aliinama akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Wakasifiwa, na sifa zikawahamisha. Leo wamecheza kwenye ukumbi mkubwa wa mjini, ule wa harusi na mikutano, viti mia sita, spika ndefu kama makabati. Kidole kilipoenda mdomoni, ukumbi ukacheka. Kicheko kilianzia nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, kikashuka safu kwa safu kama maji ya mvua yanavyoteremka Uluguru, mpaka kikatufikia hata sisi tuliokuwa tumeshalia mara ya kwanza. Nikacheka nami. Halafu nikaona haya, nikamtazama yule binti jukwaani. Alikuwa bado anaimba.

"Mjomba, umeona walivyonipenda leo?" kaniuliza tulipotoka. Nikamnunulia chipsi mayai, maana jibu sikuwa nalo.

JUMAPILI. Nimeamka na swali lake bado. Nimejaribu kuulaumu ukumbi. Mapazia ya satini ya harusi ya wiki iliyopita yalikuwa hayajashushwa, watu waliingia na soda mkononi, na mtu aliyeshika kipaza sauti kutukaribisha alitumia sauti ileile anayoitia maharusi waingie. Ukikalishwa hivyo, mwili unajua umekuja kufurahi kabla akili haijaulizwa.

Nimeulaumu na umbali. Darasani tuliuona uso wa kijana, macho yamemtoka kwa tamaa na aibu kwa pamoja. Kutoka safu ya ishirini uso haupo. Umebaki mkono, umebaki mwendo, na mwalimu wao alishawaambia waongeze kila kitu ili wa nyuma waone. Akaongeza kidole. Kidole kikubwa kinachekesha, hata kama kinahesabu bei ya mtoto. Isitoshe, ukumbini kicheko kinasikika na chozi halisikiki. Waliolia jana huenda walikuwa wengi kuliko wa darasani, ila nani angewahesabu?

JUMATATU. Siku nzima nimekuwa nikiiwaza *Sarafina!*, ambayo wengi wetu tunaijua kwa filamu ya 1992 na Whoopi Goldberg wake, tukasahau kwamba ilizaliwa jukwaani na ikahama nyumba mara mbili.

Mbongeni Ngema aliitunga na kuiongoza, nyimbo akazitunga pamoja na Hugh Masekela, ambaye wakati ule alikuwa bado uhamishoni. Ilifunguliwa Johannesburg mwaka 1987, Market Theatre, jengo lililokuwa soko la matunda. Ukumbi huo wenyewe ulianza kazi Juni 1976, siku chache tu baada ya polisi kuwamiminia risasi wanafunzi wa Soweto, na ndio wanafunzi hao *Sarafina!* inaowasimulia: watoto wa shule ya Morris Isaacson wanaotengeneza mchezo wa shule kuhusu siku Mandela atakapofunguliwa. Mwaka ule wa 1987 nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari. Miongoni mwa waliokaa vitini Johannesburg walikuwamo ambao habari ile haikuwa historia kwao. Ilikuwa mtaa wa pili, pengine chumba cha pili.

Oktoba mwaka huohuo wakawa New York, kwenye Mitzi E. Newhouse, ukumbi mdogo ulio chini ya ukumbi mkubwa wa Lincoln Center, viti 299. Januari 1988 wakahamia Cort, Broadway kwenyewe, viti zaidi ya elfu moja. Wakacheza hapo hadi Julai 1989. Hapo Cort pekee ni maonyesho 597, ya vijana ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kutoka Afrika Kusini. Tuzo za Tony ziliwataja mara tano, akiwamo Leleti Khumalo aliyekuwa Sarafina mwenyewe. Hawakupata hata moja. Mwaka ule wa 1988 tuzo kubwa ilikwenda kwa *The Phantom of the Opera*. Mzimu wa Paris uliwashinda marehemu wa Soweto, niseme nini tena.

Kinachonikamata ni swali walilokuwa nalo baadhi ya watazamaji wa Magharibi, na ambalo hata sasa ukikaa na watu wa sanaa utalisikia: mbona wanacheza sana? Mtoto anateswa, dakika mbili baadaye jukwaa zima linarindima mbaqanga, magoti juu, meno nje. Mwenye kiti Broadway alikuwa na haki ya kushangaa. Kwao msiba una suti nyeusi na sauti ya chini. Lakini Soweto ya miaka ile, ambako mikutano ya siasa ilipigwa marufuku, maziko yenyewe ndiyo yaligeuka mkutano. Jeneza lilibebwa na umati unaoimba na kuchezacheza toyi-toyi kuelekea makaburini, na polisi wamesimama pembeni na magari ya deraya. Aliyezoea hayo hakuona kwamba mchezo umetoka kwenye huzuni ukaingia kwenye burudani. Aliona jambo moja linaendelea.

Hata hivyo sitaki kumpa Ngema ushindi wa bure. Mwandishi Njabulo Ndebele, Mwafrika Kusini pia, alikuwa ameshaandika kabla ya hapo kwamba fasihi ya upinzani ya kwao imekuwa mateka wa tamasha: kila kitu kikubwa, kila kitu cha kuonyeshwa kwa nje, na maisha ya kawaida ya mtu anayefikiri kimyakimya hayana nafasi. Hakuwa akiisema *Sarafina!*, haikuwapo bado. Lakini nikilinganisha na *Woza Albert!*, aliyoitunga Ngema pamoja na Percy Mtwa na Barney Simon na iliyofunguliwa mwaka 1981, wachezaji wawili tu, naona gharama ya ukubwa. Wawili wale waliweza kuwa kinyozi, kisha polisi Mzungu kwa kubandika tu nusu mpira puani. Kikundi kizima kikisimama jukwaani, hakuna anayenyamaza vya kutosha mpaka umsikie akipumua.

Jambo moja zaidi kabla sijalala. Mchezo unaishia kwenye sherehe ya kuachiwa kwa Mandela, iliyobuniwa na watoto. Elfu moja na ushee waliokuwa wakipiga makofi kila usiku Cort walikuwa wanashangilia kitu ambacho hakijatokea. Pazia likafungwa Julai 1989. Mandela akatoka tarehe 11 Februari 1990, miezi saba baadaye. Mtu aliyelipa kiingilio 1988, akaona picha ile kwenye televisheni, sijui alihisi anaona habari au marudio.

JUMANNE. Umeme umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo ni mistari michache.

Waingereza nao wana kisa chao. *London Road*, mchezo wa nyimbo wa Alecky Blythe na Adam Cork, inahusu mtaa mmoja wa Ipswich, mji ambako wanawake watano waliuawa mwishoni mwa 2006. Blythe aliwarekodi wakazi wa mtaa aliokuwa akiishi muuaji, na Cork akageuza maneno yao kuwa nyimbo bila kuondoa kigugumizi, kila "aa" na "ee" ikapewa noti yake. Ilianza 2011 kwenye Cottesloe, chumba kidogo kuliko vyote katika National Theatre ya London. Mwaka uliofuata ikapandishwa Olivier, ambayo inachukua zaidi ya watu elfu moja na mia moja. Jengo lilelile, hatua chache tu za kutembea.

Mle ndani yumo mkazi mmoja anayesema, kwa utulivu wa mtu anayepalilia bustani, kwamba angetamani kumshukuru muuaji kwa kuwaondoa wanawake wale mtaani kwake. Nafikiria sentensi hiyo ikitua kwenye chumba ambacho kila mtu anaona uso wa jirani yake, halafu ikitua kwenye ukumbi wa watu elfu walioketi gizani. Kwenye chumba unajua nani ametikisa kichwa kukubali.

ALHAMISI. Rafiki yangu wa Limuru amenipigia simu na nikamsimulia kidole na kicheko. Akanikatiza: "Nyinyi mmehamia ukumbi mkubwa mkachekwa. Sisi tulihamia ukumbi mkubwa tukakuta kufuli."

Nilijua anazungumzia nini. Mwaka 1977 wakulima na vibarua wa kijiji cha Kamiriithu, hukohuko Limuru, pamoja na waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, walijijengea jukwaa la wazi, chini ya anga, wakacheza *Ngaahika Ndeenda* kwa Kikuyu, na nyimbo zake. Mazoezi yalifanywa mbele ya watu. Mtazamaji aliyejua jambo lilivyokuwa hasa alisimama akamsahihisha mchezaji. Ilipofunguliwa Oktoba, watazamaji walikuwa wameshaitunga nusu. Novemba serikali ikafuta kibali, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akawa mikononi mwa polisi, kisha kizuizini Kamiti.

Miaka michache baadaye wakaandaa *Maitũ Njugĩra*, mama niimbie, mchezo mzito wa enzi ya kipande, wenye nyimbo za lugha kadhaa za Kenya. Huu ulikuwa uhamie mjini: Kenya National Theatre, Februari 1982. Kibali hakikutoka. Siku ya kufungua, wachezaji na watu wao walikuta milango imefungwa na polisi wamejaa. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, wakaendelea na kile walichokiita mazoezi, na watu wakaja kwa mabasi na matatu kuyatazama mazoezi hayo, wakajaa mpaka kwenye ngazi. Nayo yakapigwa marufuku. Machi mwaka huo jukwaa la Kamiriithu likabomolewa.

Sasa hapa ndipo rafiki yangu alipocheka, kicheko kikavu. Ukumbi wa taifa ulikuwa na viti mia kadhaa. Jukwaa la kijijini lilikuwa la kuketisha watu wapatao elfu mbili. Kuhama huku kote tunakoita kupanda kulikuwa, kwa viti, ni kushuka. Ukubwa uliotakiwa ni ule wa jina, na ndio uliotiwa kufuli. *Ngaahika Ndeenda* ilikuja kuchezwa kwenye ukumbi huohuo wa taifa mwaka 2022, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu. Nikamuuliza kama alikwenda. "Nilikwenda," akasema. "Viti vizuri. Hakuna aliyesimama kumsahihisha mtu."

IJUMAA. Nimepita Mazimbu kwa shughuli nyingine kabisa. Siku hizi ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, lakini hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini palikuwa chuo cha ANC, SOMAFCO, kilichopewa jina la Solomon Mahlangu aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Vijana waliokimbia baada ya 1976 walisoma hapa, kilomita chache kutoka sokoni kwetu. Ndiyo maana nilipoiona *Sarafina!* utotoni, kwenye kibanda cha video chenye mabenchi na magunia dirishani, hatukuiona kama filamu ya Marekani. Kaka mmoja mkubwa alitutafsiria kwa kupiga kelele juu ya Kiingereza, na kila mwanafunzi alipoanguka mtu alisema, "Huyo angekuja Mazimbu." Tulikuwa thelathini. Tulimjibu polisi wa kwenye televisheni kwa matusi ambayo sitayaandika. Baada ya Johannesburg na New York na Hollywood, mchezo ule uliishia kwenye chumba kidogo kuliko vyote, na huko ndiko ulikojibiwa kwa sauti kubwa kuliko kote nilikowahi kukaa kama mtazamaji.

Jioni nimemkuta bibi wa nyumba ya tatu anachambua mchele barazani. Nimemwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia kwamba Jumamosi na yeye alikuwapo. Alikaa nyuma, karibu na jikoni, kwa sababu ya miguu.

Nikamwambia, kwa adabu kadiri nilivyoweza, kwamba huko ndiko kicheko kilikoanzia.

"Nilianza mimi," akasema.

Nikanyamaza. Kwetu msibani yupo mtani, anavaa kofia ya marehemu, anatembea kama marehemu, anadai deni la marehemu kwa wafiwa, na watu wanacheka machozi yakiwatoka na hakuna anayesema wamekosa heshima. Nilidhani anaelekea huko. Hakuelekea huko.

"Baba yangu alihesabu hivyohivyo," akasema. "Kidole mdomoni, noti, kidole mdomoni, noti. Mimi niko nyuma ya mlango naangalia. Huyo mtoto nani kamfundisha?"

Nikasema hakuna, alijibunia tu. Akapepeta mchele mara mbili tatu, akapuliza makapi, akaniuliza kama watacheza tena na kiingilio ni shilingi ngapi.