Drama za shule: Kalamu ingali mikononi mwa watu wazima

WASICHANA wa Shule ya Upili ya Butere walipopanda jukwaani Nakuru mnamo Aprili 10, 2025, hawakuigiza. Waliimba wimbo wa taifa, kisha wakaondoka. Ukumbi haukuwa na hadhira. Mwandishi wa mchezo wao, aliyekuwa seneta wa Kakamega Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa usiku uliotangulia, na polisi walirusha vitoza machozi kuwatawanya watu waliotaka kuutazama.

Mengi yalisemwa kuhusu siasa za mchezo huo, Echoes of War. Machache yalisemwa kuhusu mahali mabinti hao walikojifunzia utulivu ule.

Anayeshiriki drama shuleni hukariri maneno ya mtu asiyefanana naye hata kidogo. Binti wa miaka 16 huwa chifu mla rushwa, kesho akawa ajuza aliyefiwa. Ili aaminike, sharti ajiulize chifu huyo anaogopa nini. Hujifunza pia kunyamaza mwenzake anaposema, na kumwokoa kwa maneno ya kubuni papo hapo akisahau yake. Katika mtihani wa hisabati kila mtahiniwa hubeba alama zake. Jukwaani kosa la mmoja huwa la wote.

Hata hivyo, tusijidanganye. Kadiri tamasha zilivyogeuka kuwa vita vya vikombe na vya nafasi ya kumtumbuiza Rais, ndivyo shule zilivyozidi kukodi waandishi na waelekezi kutoka nje. Mwanafunzi hukabidhiwa hati iliyokamilika, hata namna ya kuinua mkono ikiwa imeamuliwa. Atatoka na tuzo, na pengine na ujasiri wa kusimama mbele ya umati (si haba), lakini hoja aliyoitetea si yake.

Butere hawakuepuka hilo. Shackles of Doom, mchezo wao uliopigwa marufuku mwaka wa 2013 kabla ya Mahakama Kuu kuuruhusu, pia uliandikwa na Bw Malala. Mahakama iliwatetea tena mwaka wa 2025.

Sasa mtaala mpya umeingiza sanaa za maonyesho na filamu katika sekondari ya juu, iliyoanza na Gredi ya 10 Januari 2026. Haki ya kuigiza imepiganiwa kortini mara mbili. Haki ya wanafunzi kujiandikia mchezo haihitaji jaji. Yahitaji mwalimu mkuu aliye tayari kurudi nyumbani bila kikombe.