Mkono nao unasema, nani anauandika?

Leo tuongee juu ya mikutano yetu.

Hapa Nakivale, kambi iliyofunguliwa 1958, utasikia Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiamhara na Kiswahili chetu cha Kongo. Tukikaa kupanga kitu pamoja tunamtegemea mtafsiri. Sawa. Lakini yeye anatafsiri mdomo. Mikono je?

Siku tulipopanga bomba la maji, mama mmoja Mrundi alisimama. Akainama, akainua jerikani ambayo haipo, akaipumzisha kwenye paja, ndipo akaipandisha kichwani. Mtafsiri akasema, "Anasema jerikani ni nzito." Ripoti nayo ikaandika hivyohivyo. Bomba likajengwa bila pahali pa kuegesha. Jameni, lita 20 za maji ni kilo 20! Mama alikuwa anaomba jukwaa la urefu wa paja. Sisi wote tulimwona, hakuna aliyeandika.

Tukachanga pesa ya meza ya chuma. Tukampigia simu fundi wa kuchomelea kule Kakoba, Mbarara. "Iwe juu kiasi hiki!" Mkono uko hewani, utafikiri anatuona. Meza ikaja fupi. Mara ya pili tukaenda na mama mwenyewe. Akarudia kile alichoonyesha kwenye mkutano, fundi akapima kwa tepi kutoka chini hadi pajani, akachora kwa chaki sakafuni. Hawana lugha moja, lakini walimaliza haraka kuliko mkutano wetu wote.

Hatusemi mkono peke yake unatosha. Zamani watu wa pwani walipima kwa mwili, shubiri mbili mkono mmoja, mikono minne pima moja, lakini shubiri ya mrefu si ya mfupi. Kwa hiyo tunaomba hivi: tukae duara, kila mtu aonekane. Mtu akionyesha kitu, tumrudilie vilevile kwa mikono yetu, tuulize, "Hivi?" mpaka akubali. Halafu tupime, tuchore, ndipo tuandike.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, tunajua muda wenu ni mfupi na ripoti inangojewa. Lakini mama akisimama kuonyesha, inueni macho kwenye kompyuta. Mchoro wake uko hewani. Akishusha mikono, umepotea, na kesho ni yeye anayebeba maji.