Mashine Haioni, Inakisia

Wiki jana programu fulani ya mikopo ilinikataa mara tano. Na sina deni lao. Ilikataa uso wangu. Stima imepotea, niko kwa dirisha saa moja jioni nimeinua simu kama mtu anatafuta netiweki, inasema tu "uso haulingani na kitambulisho". Nikapigia huduma kwa wateja. Dada mmoja, sauti tamu sana: "Pole sana mteja wetu, lakini mfumo haukosei."

Haukosei? Nani alimwambia?

Najua kuna mtu atanikumbusha niliacha chuo mwaka wa pili. Sawa. Lakini hii haihitaji digrii. Nyoosha mkono mbele yako uangalie kucha ya kidole gumba. Sehemu ambayo jicho lako linaona kwa undani kabisa ina upana kama wa hiyo kucha. Kando yake ni ukungu ukungu tu. Tena kila jicho lina doa ambalo halioni kitu, pale neva inapotokea kwenda kwa ubongo. Hujawahi kuona hilo shimo kwa sababu ubongo unaliziba kwa kukisia. Mnakumbuka lile gauni la 2015, wengine bluu na nyeusi, wengine nyeupe na dhahabu, watu wakakosana? Lilikuwa bluu na nyeusi. Waliokosea hawakuwa na macho mabovu. Ubongo wao ulikisia mwanga tofauti, basi.

Sasa kama sote tunakisia, mbona tunavuka Thika Road na tunafika? Kwa sababu ubongo hauamini picha moja. Macho yanaruka kama mara tatu kila sekunde. Unageuza shingo, unasikia honi, unarudia kuangalia. Mamako anakujua ukiwa mbali gizani kwa mwendo wako tu. Ukiona sivyo, unasema "aii, ngoja", unasonga karibu.

Mashine yangu ya mkopo haina "ngoja". Imefunzwa kwa picha nyingi, inapata picha moja, inatoa jibu. Na wakati mwingine imejifunza vitu vya ajabu. 2019 watafiti huko Ujerumani walionyesha kompyuta picha ya paka aliyevalishwa ngozi ya ndovu. Ikasema ndovu. Masikio ya paka, umbo la paka, na bado ndovu! Mtoto wa nasari angewacheka.

Halafu kuna sisi weusi. 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kampuni kubwa zinazokisia jinsia kwa kuangalia uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika asilimia 34.7. Ndiyo, ziliboreshwa baadaye. Baada ya aibu.

Na hiyo ni jinsia tu. Januari 2020 polisi wa Detroit walimfunga pingu Robert Williams nje ya nyumba yake, mke na watoto wakiangalia. Kompyuta ilikuwa imelinganisha picha mbovu ya kamera ya duka lililoibiwa saa na picha ya leseni yake. Akakaa ndani kama saa 30. Alipoonyeshwa ile picha akaiweka kando ya uso wake, waone wenyewe kama ni yeye. Yaani mshukiwa ndiye alilazimika kuwakumbusha polisi kwamba wana macho. Ilifika 2024 ndipo polisi hao wakakubali, baada ya kesi, kwamba hawatamkamata mtu kwa sababu ya jibu la mashine peke yake.

Msiniambie ati binadamu pia hukosea. Najua. Askari wa geti pale kwetu alinizuia juzi kwa sababu nilinyoa. Lakini nilimwambia "mzee, ni mimi", akanimulika tena na tochi, akacheka, nikaingia.

Kesho yake saa sita mchana nilijaribu tena nikiwa nje kwa jua. Ikakubali mara ya kwanza. Uso ni ule ule, hata sikuwa nimeoga. Mkopo sikuuchukua. Ninachotaka kwa hizo programu zenu ni kitufe kimoja kimeandikwa "niangaliwe na mtu", na mtu kweli awe upande ule mwingine.