Majira ya Vali: Je, Kiswahili Kimeshindwa na Injini?

Barabara itokayo Karatina kupitia Kiganjo hadi Naro Moru huipa injini mtihani mgumu. Gari lililosheheni viazi hupanda polepole, kisha likifika kwenye tambarare hutakiwa kwenda mbio. Aghalabu gari hilo ni Toyota Probox, na injini yake huwa na herufi VVT-i. Ni madereva wachache waliowahi kuelezwa maana yake kwa Kiswahili.

Wako wasomi wanaoshikilia kwamba maelezo hayo hayawezekani. Dai hilo halina mashiko. Silinda huvuta hewa kupitia vali, nayo vali hufunguliwa na nundu ya kemshafti. Katika injini za zamani, wakati wa kufungua na kufunga haukubadilika. Hata hivyo, mahitaji hutofautiana. Injini ikienda mbio, hewa huingia kwa msukumo mkubwa, na vali ikichelewa kufungwa silinda hujaa zaidi. Ikienda polepole, ucheleweshaji uo huo huirudisha hewa nje. Kwa hiyo kompyuta huelekeza oili yenye shinikizo iisogeze kemshafti mbele au nyuma kidogo ya gia inayoiendesha. Mfumo wa VTEC, ulioletwa na Honda mwaka 1989, uliongeza jambo jingine: mbio zikizidi, kipini kinachosukumwa na oili huziunganisha vali na nundu iliyoinuka zaidi, nazo hufunguka zaidi.

Maneno "vali", "gia" na "oili" yamekwisha kuzoeleka gerejini. Hata dhana yenyewe si ngeni, kwani Waswahili husema kutia saa majira. Basi "majira badilifu ya vali" na "mwinuko wa vali" ni istilahi zinazofaa. "Vali geugeu" ingepotosha, maana ugeugeu ni ila.

Suala hili si la kamusi pekee. Mfumo huu hutegemea oili safi. Oili ikichakaa, kemshafti huchelewa kuitika, nguvu hupungua na petroli hutumika zaidi. Asiyeelezwa hayo huahirisha kubadilisha oili, kisha hulipia hasara ambayo angeiepuka.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo hautamfaa dereva wa Kiganjo iwapo wanaisimu wataendelea kuunda istilahi wakiwa maktabani tu. Yafaa kwanza waende gerejini, wamsikilize fundi anavyoziita sehemu hizo, ndipo waandike.