Msitu Haujulikani kwa Ziara Moja

Walimu wa masomo ya mazingira hukubaliana upesi kwamba mwanafunzi hana budi kutolewa nje ya darasa. Jambo ambalo aghalabu hatulijadili ni lile linalofuata: akishatoka, afanye nini huko? Katika shule nyingi safari ya msituni ni tukio la mara moja kwa mwaka. Basi hukodiwa, chakula hufungwa, wanafunzi huandamana nyuma ya kiongozi, hutajiwa majina ishirini ya miti na ndege, huyanakili, kisha hurudi wamechoka. Juma linalofuata huandika insha juu ya safari yao, na somo huwa limekwisha. Sisi twaona kwamba safari ya namna hiyo ni tafrija njema, lakini si ufundishaji. Msitu humfundisha yule anayeurudia.

Ili tusibaki na maneno matupu, tuchukue msitu mmoja ulio mbali nasi, wenye sifa ya uzuri, tuupime kwa hoja hii.

Kaskazini-magharibi mwa Wales, katika bonde la Ffestiniog karibu na kijiji cha Maentwrog, kuna msitu uitwao Coed Felenrhyd, unaopakana na mwenzake, Llennyrch, kando ya korongo la mto Prysor. Umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Eryri, iliyoanzishwa mwaka 1951. Pepo za Bahari ya Atlantiki huleta mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka. Baridi yake si kali mno wala joto lake si jingi. Kwa hiyo wataalamu huuhesabu miongoni mwa misitu ya mvua ya nchi zisizo za joto, aina iliyo adimu duniani. Mti mkuu humo ni mwaloni. Mashina yake yamepinda, na toka chini hadi matawini yamevikwa ukoga mzito wa kijani, kangaga, na likeni, yaani viumbe ambamo kuvu na mwani huishi pamoja kama kitu kimoja. Likeni mojawapo, pana na yenye mikunjo, hufanana na pafu la mnyama, na jina lake la kitaalamu, Lobaria pulmonaria, latokana na mfano huo. Haivumilii moshi wa viwanda, kwa hiyo palipo na likeni hiyo pana hewa safi.

Mgeni wa siku moja atauona uzuri huo, naye atafurahi. Lakini mambo matatu yatampita.

Kwanza, utampita wakati. Mwezi wa Januari mialoni haina jani hata moja, na kijani chote cha msitu ni cha ukoga. Aprili ikiisha na Mei ikiingia, chipukizi hufunguka, viwavi huwa tele kwenye majani machanga, na ndege mdogo, ambaye dume lake ni jeusi na jeupe na ambaye Wawelisi humwita gwybedog brith, huwa amewasili kutoka Afrika Magharibi ili alishe makinda yake viwavi hao. Agosti huwa ameshaanza kurudi. Oktoba mbegu za mwaloni huanguka, na ndege wa jamii ya kunguru huzichukua na kuzifukia mbali, nyingine huzisahau, na hizo huota. Hata ndege aitwaye kekeo ana habari yake: tangu mwaka 2011 watafiti wa Uingereza wamewavika kekeo kadhaa, wakiwamo wa Wales, vyombo vidogo vya satelaiti, wakabaini kwamba ndege hao huukimbilia msimu wa baridi wa Ulaya katika bonde la Kongo. Mtoto wa Wales na mtoto wa Kisangani huenda wanashirikiana ndege mmoja bila ya kujuana.

Wakati huo sasa unavurugika. Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi walitoa taarifa kwamba joto linapoyawahisha majira ya kuchipua, viwavi hutoweka kabla makinda ya yule ndege mweusi na mweupe hayajashiba. Na mahali viwavi walipowahi zaidi, ndege hao walikuwa wamepungua kwa kadiri ya asilimia 90 katika muda wa miaka ishirini hivi. Nani angeliona jambo hili kwa ziara moja? Liliwadhihirikia watu walioandika tarehe, mwaka baada ya mwaka, mahali pale pale.

Pili, utampita mkono wa binadamu. Mgeni hudhani kwamba msitu huo ni pori lisiloguswa tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Sivyo. Kwa karne nyingi mialoni ya nchi hiyo ilikatwa kwa mbao na makaa, na magome yake yakatumika kutengenezea ngozi. Mto Dwyryd, upitao karibu na hapo, ulikuwa njia ya mashua zilizobeba mawe ya kuezekea kutoka machimbo ya Ffestiniog, mpaka reli iliyofunguliwa mwaka 1836 ilipoichukua kazi hiyo. Prysor wenyewe ulizibwa huko juu, Trawsfynydd, ili maji yake yaendeshe mitambo ya umeme ya Maentwrog, iliyoanza kazi mwaka 1928. Anayesikiliza maporomoko ya korongoni leo anasikia mabaki ya mto.

Tena kuna kichaka cha rododendroni, chenye maua mazuri ya zambarau, kilicholetwa Uingereza katika karne ya 18 ili kupamba bustani. Kimeenea Eryri, na chini ya kivuli chake mche wa mwaloni hauoti. Kuna na kondoo: wakizidi, hula miche yote; na wanyama wote wakiondolewa, vichaka hufunika mashina na likeni zipendazo mwanga hufa. Basi wanyama wangapi wanatosha? Swali hili halina jibu la kunakili ubaoni. Lataka kipande cha ardhi, uzi wa kupimia, daftari na miaka kadhaa. Swali la namna hiyo ndilo lifaalo kumkabidhi mwanafunzi.

Tatu, yatampita majina. Katika Kiwelisi neno coed ni miti, na pia ni msitu. Ceunant ni korongo, rhaeadr ni maporomoko, na Felenrhyd ni kivuko cha njano. Katika hadithi za kale za Mabinogi, zilizohifadhiwa katika miswada ya karne ya 14, kivukoni hapo ndipo Pryderi alipouawa akipigana na Gwydion. Mtoto ajuaye maneno hayo anatembea katika msitu wenye habari. Asiyeyajua anatembea kati ya miti tu.

Hapa walimu wa Afrika Mashariki watatambua jambo. Katika karne ya 19 zilikuwako shule za Wales ambamo mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivishwa kibao shingoni, naye akakipitisha kwa mwenzake atakayekosa vivyo hivyo, na wa mwisho akaadhibiwa. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na ukoloni, ameeleza adhabu iliyofanana sana na hiyo katika shule za Kenya. Mtoto aliyekatazwa lugha yake alikatazwa pia mto na mti wake, kwa sababu ujuzi wa wazee juu ya mahali umetunzwa ndani ya majina. Mwalimu anayeingia msituni na orodha ya majina ya kigeni peke yake anaiendeleza adhabu ile bila ya kibao.

Wawelisi wenyewe wametupa neno la kuufupisha mjadala huu. Mtaala mpya wa Wales, ulioanza kutumika shuleni Septemba 2022, unataja cynefin, yaani mahali ambapo mtu hujiona yu kwao, pamoja na watu wake, mandhari yake na historia yake. Wafugaji hulitumia neno hilo hilo kwa sehemu ya mlima ambayo kondoo wameizoea. Hakuna ua unaowazuia. Mwanakondoo huijua sehemu hiyo kwa kumfuata mamaye siku zote. Hakuijua kwa kuonyeshwa mara moja.

Kwa hiyo twapendekeza utaratibu ufuatao. Mwalimu achague mahali pamoja padogo, naye aende peke yake kwanza, ajue njia, jiwe lenye utelezi na ukingo wa hatari. Wanafunzi wafike hapo angalau mara nne kwa mwaka. Mara ya kwanza wakae kimya dakika kumi, waandike walichokisikia, pasitajwe jina lolote. Mara ya pili kila kikundi kipewe mita moja ya mraba na mti mmoja. Wapime mzingo wa shina, wachore, waulize. Majina yaje mara ya tatu, kwanza yale yaliyoko vinywani mwa wazee wa mahali hapo, kisha ya vitabuni. Mara ya nne walinganishe madaftari yao, waseme kilichobadilika na kwa nini. Madaftari hayo yasitupwe. Darasa la mwaka ujao liyarithi.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa. Muhtasari wa masomo ni mrefu na mitihani haingoji. Lakini saa moja mara nne kwa mwaka ni pungufu ya siku nzima inayopotea ndani ya basi, na katika saa hizo mna hesabu, jiografia, historia, sayansi na lugha kwa pamoja. Itasemwa kwamba darasa ni kubwa. Darasa kubwa ndilo lisiloweza kumfuata kiongozi mmoja kwenye njia nyembamba. Likigawanywa vikundi kwa mita za mraba, kila mtoto ana kazi. Itasemwa pia kwamba si kila shule ina msitu wa mialoni. Ni kweli, na hata katika Wales shule nyingi za mijini hazina. Lakini nyingi zina mti, na ukuta wenye unyevu, na mfereji. Mahali padogo panaporudiwa pana mengi kuliko hifadhi kubwa inayopitiwa.

Mwaloni wa Felenrhyd huishi karne kadhaa, na mwanafunzi hukaa shuleni miaka michache. Hatutarajii kwamba ataumaliza msitu. Tunatarajia kwamba siku atakapoulizwa kama kichaka kikatwe, kama mto uzibwe, au kama njia ya magari ipite hapo, atakuwa na la kusema lililotokana na macho yake mwenyewe. Mwalimu aliyempeleka mara moja tu hawezi kumdai jibu hilo.