Thamani ya Saa ya Vita Haimo Katika Chuma

Wahenga walituusia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, anayechunguza biashara ya saa za mfukoni zilizotumiwa na majeshi ya zamani atang'amua kuwa kauli hiyo ina mipaka yake. Saa hizo haziuzwi na uzuri. Zinauzwa na maandishi.

Tutazame zile ambazo askari wa Uingereza walipewa katika Vita Vikuu vya Pili, 1939–1945. Zilitengenezwa na kampuni kadhaa, zikiwemo Omega, Cyma na Jaeger-LeCoultre. Mgongoni zilichongwa mshale, alama ya mali ya serikali, pamoja na herufi G.S.T.P. na nambari. Saa ya raia yenye mtambo kama huo, lakini isiyo na alama hizo, aghalabu haiwashughulishi wakusanyaji wa vifaa vya vita.

Sisi wanaisimu hatushangai. Ferdinand de Saussure alitufunza kuwa thamani ya ishara hutokana na tofauti yake na ishara nyingine. Mshale ule hauifanyi saa iende sawasawa zaidi. Huitofautisha tu, na tofauti hiyo ndiyo inunuliwayo. Ndiyo maana uso uliopakwa rangi upya, hata ukipendeza, hushusha bei, na mgongo uliosuguliwa hadi nambari zikafifia huishusha zaidi. Panapopatikana barua, picha au hati ya utumishi inayomtaja mwenye saa, bei hupanda.

Jambo hili latuhusu. Askari wetu wa King's African Rifles walipigana hadi Burma, na nishani na hati zao zingali masandukuni mwa jamaa zao. Mjukuu aking'arisha chuma na kuchoma karatasi, ametupa kiini akahifadhi ganda.

Wapo watakaodai kuwa kumbukumbu za wazee si bidhaa. Naam, si bidhaa. Lakini yafaa tujiulize kwa nini mnunuzi wa ng'ambo azithamini kutushinda sisi.

Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi ulipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914–1918. Maelfu yao walikufa, na wengi hawakuandikwa popote. Neno tunalo, majina hatuna. Wakongwe wa vita vya pili waliosalia ni wachache mno. Tuwaulize leo, tuandike.